Nusu ya Mwenza: Historia ya Mafao ya Uzeeni kwa Wanandoa Nchini Marekani

Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya Marekani, iliyotiwa saini na Rais Franklin D. Roosevelt tarehe 14 Agosti 1935, haikumtengea mke fungu lolote la uzeeni. Leo mwenza wa mfanyakazi aliyestaafu nchini humo anaweza kulipwa hadi nusu ya mafao ya mwenzake, hata kama yeye mwenyewe hajawahi kuajiriwa. Ili tujue nusu hiyo ilitoka wapi, yafaa tuanze na shida iliyouzaa mfuko wenyewe.

Mdororo mkuu wa uchumi ulioanza mwaka 1929 ulifunga benki na viwanda, na wazee wengi walipoteza akiba na kazi kwa pamoja. Kamati iliyoongozwa na Frances Perkins, Waziri wa Kazi, ilitafuta njia ambayo haitamfanya mzee kuwa ombaomba, na jibu lake likawa mchango. Kuanzia Januari 1937 mfanyakazi alikatwa asilimia 1 ya mshahara wake, na mwajiri akalipa kiasi hichohicho. Aliyechangia ndiye aliyekuwa na haki. Mke aliyelea watoto na kutunza nyumba hakuwa na mshahara wa kukatwa, na kwa sababu hiyo hakuwa na haki yoyote kwa jina lake. Wafanyakazi wa mashambani na wa majumbani nao waliachwa nje, na miongoni mwao walikuwemo Wamarekani weusi wengi, wanawake kwa wanaume.

Mpango huo ulianza kushambuliwa kutoka pande mbili kabla haujalipa pensheni hata moja ya mwezi. Malipo ya kila mwezi yalipangwa kuanza mwaka 1942, ilhali michango ilikuwa ikiingia tangu 1937. Seneta Arthur Vandenberg wa Michigan alipinga kulimbikizwa kwa akiba kubwa kiasi hicho mikononi mwa serikali. Upande wa pili, daktari Francis Townsend wa California alikuwa na wafuasi wengi waliodai kila mzee aliyetimiza miaka 60 alipwe dola 200 kwa mwezi. Likaundwa baraza la washauri chini ya J. Douglas Brown, mchumi wa Princeton, nalo likatoa ripoti yake Desemba 1938.

Mapendekezo ya baraza hilo ndiyo msingi wa marekebisho ya tarehe 10 Agosti 1939. Mke aliyetimiza miaka 65 alipewa nusu ya mafao ya mumewe, mjane wa umri huo akapewa robo tatu, na watoto wadogo nao wakatengewa fungu lao. Malipo ya mwezi yaliharakishwa yaanze mapema, Januari 1940. Mfuko uliokuwa wa mfanyakazi mmoja mmoja ukawa mfuko wa familia.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Wapo wanaosema ni huruma, kwa kuwa watu wawili hawawezi kuishi kwa fedha za mmoja. Wapo wanaosema ni hesabu za kisiasa: kuwalipa wake kulipunguza akiba iliyowakera wapinzani na kuwatuliza wafuasi wa Townsend. Wengine huona humo mtazamo wa zama zile, kwamba mume ndiye mtafutaji na mke ni mtegemezi wake. Naona sababu hizi zilifanya kazi pamoja, kila moja kwa sehemu yake. Siasa inaeleza kwa nini fedha zilitolewa mapema. Hata hivyo, fedha hizo zingeweza kugawanywa kwa wachangiaji wote. Kilichozielekeza kwa wake ni mahitaji ya nyumba yenye watu wawili, yaliyotazamwa kwa jicho la mwaka 1939.

Hundi ya kwanza ya mwezi, ya tarehe 31 Januari 1940, inaonyesha maana ya uamuzi huo. Ilikwenda kwa Ida May Fuller wa Ludlow, Vermont, katibu wa ofisi ya wanasheria, nayo ilikuwa ya dola 22.54. Bi Fuller hakuwahi kuolewa. Mwanamume mwenye mafao kama yake, na mke wa miaka 65, angeingiza nyumbani dola 33.81 kwa michango ileile.

Baada ya hapo sheria ilikwenda ikifuata mabadiliko ya ndoa. Mwaka 1950 mume naye aliruhusiwa kulipwa kupitia kwa mkewe, ila kwa kuthibitisha kwamba mkewe ndiye aliyebeba angalau nusu ya matunzo yake. Mwaka 1965 mke aliyeachika alipata haki ikiwa ndoa ilidumu miaka 20, na sheria ya mwaka 1977 ikaipunguza kuwa miaka 10. Mwaka 1972 fungu la mjane lilipandishwa hadi mafao kamili ya marehemu.

Sharti lile alilowekewa mume ndilo lililoifikisha sheria mahakamani. Hannah Goldfarb alifanya kazi ya ukatibu katika shule za umma za New York kwa karibu miaka 25, akilipa michango yote. Alipofariki, mumewe Leon alinyimwa mafao ya mgane kwa kuwa hakuwa akimtegemea. Wakili Ruth Bader Ginsburg alisimamia kesi hiyo hadi Mahakama ya Juu, na Machi 1977 majaji watano dhidi ya wanne walilifuta sharti hilo kwa wagane. Kiini cha hoja kilikuwa rahisi: senti ya mwanamke ilipokelewa mfukoni kama ya mwanamume, lakini iliinunulia familia yake kinga ndogo zaidi. Baadaye, hukumu za mwaka 2013 na 2015 ziliwafungulia haki hizo wanandoa wa jinsia moja.

Mpango unavyofanya kazi sasa ni zao la hatua hizo zote. Tuseme mume ana mafao kamili ya dola 2,000. Mkewe asiye na michango atapata dola 1,000 akisubiri umri kamili wa kustaafu, ambao ni miaka 67 kwa waliozaliwa mwaka 1960 na baadaye. Akianza kuchukua akiwa na miaka 62, atapata dola 650, na punguzo hilo kwa kawaida halirudishwi. Fungu lake halimpunguzii mumewe chochote, lakini ni lazima mume awe ameshaomba mafao yake. Ikiwa mke ana dola 700 zake mwenyewe, huongezewa 300 tu. Kanuni hizi zinawagusa pia Wakenya, Watanzania na Wakongo waliochangia huko kwa muda unaotakiwa, ambao kwa kawaida hujumlika kuwa miaka 10.

Hapo ndipo lilipo deni la mwaka 1939. Mke aliyechangia maisha yake yote na kufikisha dola 1,000 hulingana na yule ambaye hakuchangia kabisa, na mwanamke ambaye ndoa yake ilivunjika katika mwaka wa tisa hapati kitu kwa miaka aliyolea watoto. Hata hivyo, sioni haki katika kuifuta nusu hiyo, kwa sababu wapo wazee wasio na kingine. Waliotunga nusu hiyo walitambua kwamba kazi ya nyumbani hushikilia mshahara unaopatikana nje, ila walimlipa mke kwa kuwa mke wa mtu. Kilichobaki ni kumhesabia kazi hiyo kwa jina lake mwenyewe.