Kwa nini amonia ni sugu hata ndani ya maji ya nyuzi 600

Amonia ndiyo ile harufu inayochoma pua kwenye banda la kuku. Ina naitrojeni, kama ilivyo kwa mkojo, kinyesi na mbolea ya yurea. Leo tunaeleza kinachotokea taka hizi zikiingizwa kwenye maji ya joto kali sana, njia ambayo watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, wameifanyia kazi ili kuteketeza tope la vyooni.

Ni maji gani haya?

Maji ya sufuriani huchemka kwenye nyuzi 100. Yakifungiwa ndani ya mtambo imara, joto likapita nyuzi 374 na mgandamizo ukapita mara 218 ya ule wa hewa ya kawaida, hayawi tena maji wala mvuke, bali kitu cha katikati. Mafuta huyeyuka ndani yake na oksijeni huchanganyika nayo kabisa. Taka nyingi huungua humo kwa muda usiofika dakika moja, bila moshi.

Naitrojeni huenda wapi?

Kaboni ya taka hugeuka gesi ya kabonidioksaidi, hidrojeni hugeuka maji. Naitrojeni nyingi huwa amonia kwanza, na hapo ndipo hukwama. Bila kichocheo, amonia huungua kidogo tu hata joto likipita nyuzi 600. Hivyo wataalamu huongeza kichocheo, kwa mfano oksidi ya manganizi, au huchanganya spiriti ili moto wake uisukume amonia. Amonia ikikutana na naitreti kwenye joto hilo, huvunjana, na sehemu kubwa ya naitrojeni hutoka kama gesi isiyo na madhara, ileile iliyo asilimia 78 ya hewa tunayovuta.

Inatuhusu nini?

Kazi ikiishia njiani, maji hutoka meupe lakini yana amonia. Yakimwagwa bwawani huua samaki. Kwenye udongo, bakteria huigeuza kuwa naitreti, ambayo huzama hadi visimani, sawa na inavyotoka kwenye vyoo vya shimo. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa lita. Ikizidi, damu ya mtoto mchanga anayetengenezewa maziwa kwa maji hayo inaweza kushindwa kubeba oksijeni.

Kumbuka: kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi naitreti. Chimba choo mbali na kisima, upande wa bondeni.