Somo juu ya Umri wa Dunia na Ziwa Letu la Kivu



Tumekwisha kujifunza ya kuwa Mungu aliumba mbingu na nchi. Basi vijijini twaulizwa mara kwa mara: Je, wataalamu wasemao kwamba dunia ina miaka mamilioni wanakanusha Maandiko? Leo tutajibu, na mashahidi wetu watakuwa ziwa, samaki na mawe ya hapa Goma.

Hapo zamani Ziwa Kivu lilikuwa dogo kuliko leo, na maji ya nchi hii yalishuka kaskazini, kuelekea Ziwa Edward. Kisha milima ya Virunga ikatapika mawe yaliyoyeyuka, nayo yakaganda yakaziba bonde kama ukuta. Maji yakakosa njia, yakapanda, yakafunika mabonde. Vilele vya vilima vikabaki kuwa visiwa. Mwishowe, yapata miaka 10,000 iliyopita, yakafurika upande wa kusini, nao mto Ruzizi ukayapeleka hata Ziwa Tanganyika.

Samaki nao hushuhudia. Tanganyika ni ziwa la mamilioni ya miaka, nalo lina aina za samaki kwa mamia. Kivu, jinsi lilivyo leo, ni changa. Aina zake ni yapata 30 tu. Hata sambaza tuwalao waliletwa kutoka Tanganyika karibu na mwaka 1959. Uhai wahitaji muda mrefu ili kuzidisha aina zake.

Muda huo ni mrefu kadiri gani? Dunia ina miaka ipatayo milioni 4,500, na alama za viumbe vidogo sana zimeonekana katika mawe ya miaka kama milioni 3,500. Tukihesabu mwaka mmoja kwa kila sekunde, usiku na mchana bila kupumzika, umri wa dunia utatuchukua zaidi ya miaka 140. Tangu maji ya Kivu yageukie kusini ni karibu saa 3. Tangu kuzaliwa kwa Bwana wetu ni kama nusu saa tu.

Je, imani yaharibika? Hata kidogo. Kitabu cha Mwanzo chatufundisha ni nani aliyeumba, wala si kitabu cha kuhesabia miaka. Mwaka 1950 Papa Pio wa XII aliandika kwamba wataalamu waweza kuchunguza asili ya mwili wa mtu, ila roho huumbwa na Mungu mwenyewe.

Tena, tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji wetu, ukaunguza nyumba za maelfu ya watu, na Kanisa Kuu pia. Tusimwambie jirani aliyepoteza nyumba kwamba ameadhibiwa. Ardhi yetu yaachana polepole, na moto wa chini hutafuta mwanya. Juu ya mawe yale yale huota kwanza vitu vya kijivu kama ukungu, kisha majani, kisha miti. Na baada ya miaka mingi huwa udongo tuulimao maharagwe.

Swali: Je, dunia ilikwisha kuumbwa zamani, ikaachwa?
Jibu: Sivyo. Mungu huitunza hata leo, naye hana haraka.

Swali: Moto wa mlima ukija, tufanye nini?
Jibu: Tukimbie upesi, tuwabebe wagonjwa na wazee, tuwapokee waliopoteza makao.