Nemo Alimficha Nani?

Wenzangu tunaoandika hadithi za vyombo vya angani tuna ugonjwa mmoja: mhusika hatujamjua, tumeshambandika jina la ajabu. Wa kwangu nilimwita Zarko. Rafiki yangu akaniuliza, "Huyo anaficha nini?" Nikabaki kimya.

Nikamrudia Nahodha Nemo, wa riwaya ya Mfaransa Jules Verne iliyotoka 1869 hadi 1870. Nemo kwa Kilatini ni "hakuna mtu". Hila ya kale hiyo. Odiseo wa Wagiriki aliitumia kulihadaa jitu lenye jicho moja. Ila Nemo hakuwa na mzaha. Verne alitaka awe Mpolandi ambaye jamaa zake waliuawa na Warusi katika maasi ya 1863. Mchapishaji wake, Hetzel, akagoma: hakutaka kuwaudhi Warusi, maana vitabu viliuzwa hadi huko. (Wachapishaji, jamani!) Basi Verne akamwacha nahodha bila taifa. Jina likawa kama mlango uliofungwa, na mle ndani ya nyambizi jitu zima linalia mbele ya picha ya mwanamke na watoto wawili.

Wasomaji walingoja hadi riwaya nyingine, ya 1874 hadi 1875. Kumbe ni Dakkar, mwana wa mfalme wa Kihindi, aliyepigana na Waingereza katika maasi ya 1857, akapoteza nchi, mke na watoto.

Zarko nimemfuta. Sasa naandika kwanza habari za kwao, na nani aliyemfukuza.