Breki za Subaru: kwa nini zinaisha haraka, na bili ya gereji inatoka wapi

Ukikaa jioni kando ya Barabara ya Kilwa kule Mbagala, au Barabara ya Bagamoyo maeneo ya Tegeta, utaisikia Subaru kabla hujaiona. Impreza na Forester za mtumba kutoka Japani zimekuwa chaguo la kijana anayetaka mwendo wa gari la michezo bila kulipa bei ya gari jipya. Nyingi haziishii Dar es Salaam. Huuzwa tena, zikaenda Iringa, Singida au Lushoto, na mnunuzi wa kijijini anaweza kuwa mmiliki wa tatu au wa nne.

Gari limenunuliwa kwa fedha za mavuno. Baada ya miezi michache linaanza kulia kila likisimama. Mwenye gari anashuka nalo hadi Dar. Kwa wakala anatajiwa bili ya kumtoa jasho. Kwa fundi wa Temeke au Kinondoni anatajiwa bei ndogo sana, kwa kazi inayoitwa kwa jina lile lile: kubadilisha breki. Nani anasema kweli? Mara nyingi wote wawili, kwa sababu hawauzi kitu kimoja. Tunaeleza hapa breki zinavyoisha, bili inavyojengwa, na mahali ambapo kubana matumizi ni hatari.

Breki hugeuza mwendo kuwa joto

Ukikanyaga pedali, oili ya breki husukumwa kwenye mabomba hadi kwenye kalipa, yaani kile chuma kinachokumbatia diski ya gurudumu. Ndani ya kalipa kuna pistoni, nayo husukuma pedi mbili zibane diski kutoka pande zote. Msuguano hupunguza mwendo, na ule mwendo hugeuka joto.

Joto lenyewe si dogo. Gari la kilo 1,400 likisimama kutoka mwendo wa kilomita 100 kwa saa, breki zake hupokea joto la kutosha kuchemsha zaidi ya lita moja na nusu ya maji. Hiyo ni mara moja tu. Na mwendo ukiongezeka maradufu, joto huongezeka mara nne. Anayesimama kutoka kilomita 100 anazitwisha breki mzigo mara nne ya anayesimama kutoka kilomita 50. Kwa hiyo gari moja, likiwa na madereva wawili tofauti, linaweza kumaliza pedi kwa vipindi tofauti kabisa.

Subaru zilijengewa sifa yake kwenye mashindano. Colin McRae alishinda Safari Rally ya Kenya mwaka 1997 akiendesha Impreza, na Richard Burns akashinda mwaka 2000 kwa gari la jina hilo hilo. Lakini gari la mashindano lina timu ya mafundi wanaolikagua kila hatua ya safari. La kwako lina wewe.

Dar es Salaam nayo ina namna yake ya kula breki. Kwenye foleni gari husogea mita chache na kusimama, saa nzima. Ukitoka lami kuingia njia za vumbi za pembezoni, mchanga huingia kati ya pedi na diski na kusaga zote mbili. Wakati wa mvua, matope hukaukia kwenye kalipa na kufanya sehemu zake zigande.

Kagua kwa tochi ya simu

Huhitaji gereji kujua kama pedi zimekaribia kuisha. Simamisha gari mahali tambarare, vuta hendibreki, subiri magurudumu yapoe, kisha mulika kwa tochi ya simu katikati ya matundu ya rimu. Utaona diski inayong'aa, na pembeni yake pedi. Pedi mpya huwa na unene wa milimita 10 hadi 12 hivi bila kuhesabu kile kibati cha nyuma. Ikibaki milimita 3, ni wakati wa kubadilisha. Anza na magurudumu ya mbele, kwa sababu gari linapofunga breki uzito huegemea mbele, na breki za mbele ndizo hufanya sehemu kubwa ya kazi. Kumbuka pia kwamba pedi ya upande wa ndani, usiyoiona, inaweza kuisha kabla ya ile ya nje. Kwa hiyo kila tairi linapofunguliwa, angalia zote mbili.

Dalili nyingine ni hizi:

Mlio mwembamba unaposimama: pedi nyingi zina kibati kidogo kilichowekwa makusudi kigusane na diski pedi inapokaribia kuisha. Hilo ni onyo, bado una muda kidogo.

Mkwaruzo mzito wa chuma kwa chuma: pedi imeisha na kibati kinasaga diski. Usiendelee na safari.

Pedali au usukani kutetemeka unapokanyaga breki: diski haina tena unene sawa pande zote.

Gari kuvuta upande mmoja, au gurudumu moja kuwa la moto kuliko mengine: huenda pistoni ya kalipa imeganda.

Pedali kuzama au kuwa laini: kuna hewa kwenye mabomba, au oili inavuja. Gari la namna hii lisitembee kabisa.

Wengi hupoteza fedha kwa kuchelewa hapa. Pedi iliyoachwa hadi ikaisha kabisa hukwangua diski. Pistoni nayo husukumwa mbele kupita kiasi, sili yake ikaharibika, na kalipa ikaanza kuvuja. Bili iliyokuwa ya pedi sasa ni ya pedi, diski na kalipa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Bili ya wakala ina nini ndani

Bili ya wakala huwa na sehemu tatu. Ya kwanza ni spea, ambayo kwa kawaida ni halisi ya mtengenezaji wa gari au ile aliyoiidhinisha. Ya pili ni kazi, inayohesabiwa kwa saa kufuata muda uliopangwa na mtengenezaji, hata kama fundi amemaliza mapema. Ya tatu ni Kodi ya Ongezeko la Thamani, VAT, ambayo kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18. Kwa bili ya Sh 400,000 kabla ya kodi, VAT peke yake kwa kiwango hicho ni Sh 72,000.

Kuna jambo la nne ambalo haliandikwi kwenye karatasi. Wakala hubadilisha, fundi wa mtaani hutengeneza. Diski ikiwa na mikwaruzo, wakala atapendekeza diski mbili mpya, kushoto na kulia. Fundi atapendekeza ichongwe kwa mashine. Kalipa ikiganda, wakala ataagiza nyingine nzima. Fundi ataifungua, aisafishe na kuweka sili mpya. Ushauri wa fundi unaweza kuwa sahihi kabisa, ila kuchonga diski kuna mpaka. Kwenye diski nyingi pameandikwa unene wa chini unaoruhusiwa, kwa milimita, baada ya herufi MIN TH. Diski iliyoshuka chini ya hapo haichongwi tena. Diski nyembamba hupata moto haraka, na inaweza kupasuka.

Kwa hiyo ukiwa kwa wakala, omba bili iliyochanganuliwa, kitu kimoja kimoja, kabla kazi haijaanza. Uliza kama diski imepimwa, na imebaki milimita ngapi. Ukiwa kwa fundi, uliza swali hilo hilo. Anayepima kabla ya kutaja bei anakupa sababu ya kumwamini, awe kwenye jengo la vioo au chini ya mwembe. Wapo mafundi wa mtaani waliosomea ufundi magari kwenye vyuo kama VETA Chang'ombe, wilayani Temeke, na wapo waliojifunzia gereji kisha VETA ikawapima na kuwapa cheti.

Piga hesabu kwa kilomita

Tuchukue mfano. Tarakimu hizi ni za kujifunzia hesabu tu, si bei ya duka lolote. Pedi za bei rahisi ni Sh 50,000 na zinadumu kilomita 8,000. Pedi nzuri ni Sh 140,000 na zinadumu kilomita 40,000. Fundi anadai Sh 20,000 kila anapobadilisha.

Kwa kilomita 40,000, pedi za bei rahisi utazinunua mara tano: jumla, pamoja na fundi, ni Sh 350,000. Pedi nzuri utazinunua mara moja: Sh 160,000. Rahisi imekuwa ghali zaidi ya mara mbili, na bado hatujahesabu diski iliyoliwa wala nauli ya kwenda mjini mara tano.

Ndiyo maana tunashauri uandike. Kila unapobadilisha pedi, piga picha ya dashibodi inayoonyesha kilomita, na picha ya boksi la pedi. Safari ijayo utajua kwa hakika pedi zipi zilikufaa.

Ukinunua spea Kariakoo au Ilala

Kosa la kawaida kwa Subaru ni kununua pedi kwa kufuata nembo. Matoleo mengi ya Impreza WRX STI ya miaka ya 2000 yalitoka kiwandani na kalipa kubwa za Brembo ya Italia, zenye pistoni nne kwa kila gurudumu la mbele. Impreza ya kawaida ina kalipa ndogo, na pedi zake ni nyingine kabisa. Lakini nembo ya STI inauzwa na kubandikwa kwenye gari lolote, na kalipa inaweza kupakwa rangi ya dhahabu. Ukimtuma ndugu akakununulie pedi, mpe namba ya chesisi, picha ya kalipa na picha ya pedi ya zamani. Usimwambie tu, "Ni ya Subaru."

Pedi za mtumba usinunue, maana hujui zimepikwa na joto kiasi gani. Diski ya mtumba ipimwe kwanza. Dai risiti ya EFD. Bila risiti huna pa kuanzia ukitaka kurudisha. Ukishuku kwamba umeuziwa spea bandia, taarifa hupelekwa Tume ya Ushindani, FCC, na masuala ya ubora wa bidhaa yako chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS.

Kazi ikiisha, omba urudishiwe pedi za zamani uzione. Kisha zizoeshe mpya: kwenye barabara isiyo na magari, punguza mwendo kwa upole kutoka kilomita 50 hadi 20, mara kumi hivi, ukiacha nafasi zipoe.

Oili ya breki na milima ya nyumbani

Gari lililosimama vizuri Mwenge linaweza kushindwa Kitonga. Kwenye mteremko mrefu, uwe Kitonga, Sekenke au njia ya Lushoto kushuka Mombo, breki zinazokanyagwa mfululizo hupata joto hadi pedi zinapoteza mshiko. Oili nayo inaweza kuchemka, na oili ikichemka hutoa mapovu. Mapovu hubonyea, kwa hiyo pedali inazama hadi chini na gari halisimami.

Oili ya breki huvuta unyevu wa hewani. Ile ya DOT 3 ikiwa mpya huanza kuchemka kwenye nyuzi joto zisizopungua 205 za Selsiasi. Ikishavuta unyevu, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Ndiyo maana inashauriwa kubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi, hata kama gari halijatembea sana. Oili ya miaka mingi kwenye gari la mmiliki wa nne ni hatari isiyopiga kelele. Usiongeze oili ya injini kwenye chombo cha breki, kwani huvimbisha mipira na kuua mfumo mzima. Na ukiona oili imepungua, usiishie kuongeza: ama pedi zimelika, ama kuna uvujaji.

Ukianza kushuka mlima, weka gia nzito mapema, injini ikusaidie kulishika gari. Subaru ya otomatiki nayo ina gia za chini, zitumie. Usishuke kwa nyutro. Ukisikia harufu ya kuungua, simama mahali salama na uache breki zipoe zenyewe. Usimwagie diski maji, inaweza kupinda au kupasuka.

Neno kwa mafundi: vumbi la breki lisipulizwe kwa kompresa wala kwa mdomo. Pedi na breki shuu za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo husababisha saratani, na kwa macho huwezi kujua ipi inayo. Lowesha, kisha pangusa kwa kitambaa. Watoto wanaoshinda gereji wakae mbali wakati tairi linafunguliwa.

Mwenye fedha kidogo anaweza kubana kwenye mengi: rangi ya gari inaweza kusubiri, redio inaweza kusubiri, na kazi ya fundi wa mtaani anayepima inaweza kutosha bila kwenda kwa wakala. Pedi sahihi, diski yenye unene unaoruhusiwa na oili mpya ndivyo vitatu visivyosubiri. Kabla ya safari ya kurudi nyumbani, kabla gari halijajaa watu na mizigo, toa simu na umulike magurudumu yote manne.