Nguvu na Nishati: Funzo la Vinu vya Upepo

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba tofauti iliyopo baina ya istilahi *nguvu* na *nishati* haikuzushwa na watunga kamusi, bali ilizaliwa na kazi yenyewe.

Mwaka 1888 Mmarekani Charles Brush alikuwa amesimamisha kinu cha upepo mjini Cleveland ili apate umeme wa nyumba yake. Gurudumu la kinu hicho lilikuwa na kipenyo cha meta 17 na mapanga 144 ya mbao, lakini nguvu yake haikuzidi kilowati 12 hivi. Kwa kuwa upepo hauvumi kwa kufuata saa ya kuwasha taa, Brush alipanga betri katika chumba cha chini ya nyumba. Kinu kilitoa nguvu. Betri zilitunza nishati.

Mwaka 1891 mwalimu Poul la Cour alianza majaribio yake kijijini Askov, nchini Denmark. Yeye alitumia umeme wa upepo kuyatenganisha maji kuwa haidrojeni na oksijeni, akaiweka gesi akiba, nayo ikawasha taa za shule aliyofundisha. Aidha, aligundua kwamba mapanga machache yaendayo kasi hufaa zaidi kwa kuzalisha umeme kuliko mapanga mengi yaendayo polepole. Hilo ni suala la *ufanisi*, yaani ile sehemu ya nishati iingiayo mtamboni ambayo hutoka ikiwa na manufaa. Seli ya jua iliyotangazwa na Maabara ya Bell mwaka 1954 ilikuwa na ufanisi wa asilimia 6 hivi.

Basi, nguvu ni kasi ya kutoa au kutumia nishati, nayo hupimwa kwa wati. Nishati hupimwa kwa wati-saa. Taa ya wati 10 ikiwaka kwa saa 5 hutumia wati-saa 50. Mfasiri akiandika *nguvu* mahali pa *nishati* katika maelezo ya mtambo wa jua wa zahanati, mnunuzi huenda akatazama ukubwa wa paneli tu, asihesabu betri. Mchana mambo yatakwenda sawa. Usiku jokofu la chanjo litazimika.

Kwa hiyo twapendekeza kila istilahi iandamane na kipimo chake: kilowati kwa nguvu, kilowati-saa kwa nishati, na asilimia kwa ufanisi. Neno *umeme* pekee lisibebeshwe mzigo wa yote matatu.