Turbo ya mjomba: historia fupi kutoka Uswisi hadi Kisegi

Leo naiweka kompyuta kando kidogo. Kazi yangu ni kuandika programu, lakini nikienda nyumbani Kisegi, kule Gwassi karibu na Ziwa Victoria, watu huamini kwamba aliyeweza kompyuta hashindwi na redio, simu wala gari. Safari iliyopita mjomba alinionyesha turbo kuukuu aliyoinunua, imefungwa kwa gazeti. Alitaka kuifunga kwenye pikapu yake ya dizeli ya mwaka 1994, lita 2.8, ambayo haikutoka kiwandani na turbo.

"Mpwa wangu," akaniambia, "hii gari ikibeba omena haitaki kupanda mlima. Fundi anasema turbo itaipa pumzi. Wewe umesoma, unasemaje?"

Pikapu hiyo ndiyo inayolipa karo ya watoto watatu. Sikutaka kubahatisha. Nikaomba siku mbili, nikaanza kusoma.

Aliyebuni turbo ni mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliyepata hataza yake mwaka 1905. Aliona kwamba sehemu kubwa ya nguvu ya mafuta hutoka bure na moshi. Akafikiri: moshi huo uzungushe gurudumu lenye mapanga, na gurudumu hilo lizungushe jingine lililo kwenye ekseli ileile, nalo lisukume hewa zaidi ndani ya injini. Hewa ikiongezeka, unaweza kuchoma mafuta mengi zaidi katika silinda zilezile. Ndiyo turbo yenyewe, na hadi leo wazo halijabadilika.

Sasa angalieni tarehe. Hataza ni ya 1905, lakini turbo ya Büchi ilikuja kuthibitika katikati ya miaka ya 1920, katika meli mbili za Ujerumani, Preussen na Hansestadt Danzig. Injini zao za dizeli zilipanda kutoka nguvu farasi 1,750 hadi 2,500. Kwa nini miaka ishirini ipite? Wazo lilikuwa sahihi, ila vilivyolizunguka havikuwa tayari: vyuma vya kuhimili moto ule, beringi za kuhimili mwendo ule. Sisi waandishi wa programu tunalijua jambo hili. Ukiharakisha sehemu moja, mzigo hauishi. Unahamia kwa jirani yake.

Jambo la pili ni mwinuko. Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss alipandisha injini ya ndege aina ya Liberty hadi kilele cha Pikes Peak, takriban mita 4,300. Injini hiyo chini ilitoa nguvu farasi 350 hivi. Kule juu ilishuka hadi 230. Ilipowekewa turbo ikarudi 356. Yaani mlima huiba hewa, na turbo huirudisha.

Afrika Mashariki hatukukaa nje ya hadithi hii. Reli ya kwenda Uganda hupita Timboroa, takriban mita 2,740 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo shinikizo la hewa limepungua kwa zaidi ya robo. Kuanzia mwaka 1960 Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilipokea vichwa vya treni vya dizeli vya English Electric, vyenye injini za silinda 12 na turbo. Wengi wetu, hata hivyo, neno "turbo" tulilisikia kwenye Safari Rally, Toyota Celica yenye turbo iliposhinda mwaka 1984, 1985 na 1986.

Na Kisegi je? Ziwa lenyewe liko mita 1,134. Hapo shinikizo la hewa limeshapungua kwa asilimia 12 au 13 ukilinganisha na Mombasa, na ukipanda milima ya Gwassi linazidi kupungua. Kwa hiyo fundi hakumdanganya mjomba. Pikapu kweli inakosa pumzi.

Lakini treni zile na Celica zile ziliundwa zikijua turbo itakuwepo. Injini nyingi za namna hiyo hunyunyiziwa oili chini ya pistoni ili zipoe, na hewa iliyoshinikizwa hupozwa kwanza kabla ya kuingia. Injini ya mjomba haikuandaliwa hivyo. Turbo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, tena ndani ya oili ya injini ileile. Inahitaji bomba lake la oili, dizeli iliyopimwa upya kwenye pampu, na geji ya joto la moshi. Ukizidisha dizeli, moto hupanda, na gasiketi, kichwa cha injini au pistoni ndiyo hulipa.

Nilirudi kwa mjomba na swali badala ya jibu. "Mjomba, hii injini bado ina pumzi yake ya zamani? Tujue kwanza."

Hakufurahi. Alitaka kusikia ndiyo au hapana. Lakini alikubali, fundi akapima mgandamizo silinda moja moja. Tatu zilikuwa nzuri. Ya nne ilikuwa chini sana. Chujio la hewa nalo lilikuwa limejaa vumbi jekundu, na nozeli mbili zilikuwa zinatiririsha dizeli badala ya kuinyunyiza.

Tulinyamaza kidogo. Turbo ingesukuma hewa ndani ya silinda iliyoshindwa kushika hata ile iliyonayo, na sijui karo ya muhula ule ingetoka wapi.

Pesa za kufunga turbo zikaenda kwenye ringi, nozeli na chujio jipya. Juzi nilimpigia simu. Akasema gari inapanda na magunia ya omena, polepole, bila moshi mweusi. Turbo je? "Ipo stoo, kwenye gazeti lake. Hiyo haiozi."

Haya wasomaji, kabla hamjamwongezea mzee mzigo, mpimeni kwanza pumzi. Tuonane siku nyingine.