Ukimya wa Mkataba: Historia ya Miongozo ya Kisheria kwa Waandishi na Waliojiajiri Nchini Marekani na Funzo Lake kwa Afrika Mashariki

1.0 Utangulizi

Kutojua sheria si utetezi mahakamani. Kanuni hii humtaka mwananchi ajue jambo ambalo mara nyingi limeandikwa kwa namna asiyoweza kuielewa. Mzigo wake huwaelemea zaidi watu wasio na mwajiri: mwandishi anayeuza makala, mfasiri anayelipwa kwa ukurasa, mchoraji wa vitabu vya watoto. Mwajiriwa ana idara ya utumishi na pengine chama cha wafanyakazi. Aliyejiajiri hukabidhiwa mkataba akiwa peke yake, na mara nyingi hutakiwa autie saini siku hiyohiyo.

Makala haya yanafuatilia historia ya miongozo ya kisheria iliyoandikwa kwa lugha nyepesi nchini Marekani tangu 1965. Marekani imeteuliwa kwa sababu huko swali la nani anaruhusiwa kumweleza raia sheria lilifika mahakamani na kuacha kumbukumbu zinazochunguzika. Hoja ya makala ni kwamba wepesi wa lugha ulikuwa sehemu moja tu ya nguvu ya miongozo hiyo. Sehemu ya pili ilikuwa uaminifu wake kwa sheria ya mahali mahususi. Anayeiga sehemu ya kwanza na kuiacha ya pili anaweza kumdhuru msomaji anayekusudia kumsaidia.

2.0 Kitabu Mbele ya Mahakama

Mwaka 1965 Norman Dacey, ambaye hakuwa wakili, alichapisha kitabu kiitwacho How to Avoid Probate!, chenye maelezo na fomu za kumwezesha mtu kupanga urithi wa mali yake bila kupitia mlolongo wa mahakama ya mirathi. Chama cha mawakili cha New York kilimshitaki kwa kufanya kazi ya uwakili bila idhini, na mahakama za chini zikakubaliana nacho. Mwaka 1967 Mahakama ya Rufani ya jimbo hilo ilitengua uamuzi huo. Msingi wa hukumu ulikuwa kwamba mwandishi wa kitabu hazungumzi na mteja fulani kuhusu shauri lake. Anaeleza sheria kwa umma, na kati yake na msomaji hakuna uhusiano wa kuaminiana kama ule wa wakili na mteja.

Miaka minne baadaye, huko California, Ralph Warner na Charles Sherman walianzisha kampuni ya Nolo. Wote wawili walikuwa mawakili wa msaada wa kisheria, na walikuwa wamebaini pengo lililokuwa wazi: watu wengi walikuwa na kipato kilichozidi kiwango cha kupewa msaada wa bure, lakini kisichotosha kumlipa wakili. Kitabu chao cha kwanza, cha 1971, kilifundisha namna ya kujiendeshea shauri la talaka katika jimbo la California, na katika jimbo hilo pekee. Mipaka hiyo haikuwa udhaifu. Sheria ya talaka ilitofautiana kutoka jimbo hadi jimbo, na kitabu kilichodai kufaa kila mahali kisingefaa popote.

Upinzani haukuisha upesi. Mwishoni mwa miaka ya 1990, kamati ya Texas inayosimamia mipaka ya kazi ya uwakili ilivichunguza vitabu vya Nolo. Mwaka 1999 mahakama ya shirikisho jimboni humo ilizuia mauzo ya programu ya kompyuta iitwayo Quicken Family Lawyer. Mwaka huohuo bunge la jimbo lilibadilisha sheria na kutamka kwamba vitabu, fomu na programu za aina hiyo si kazi ya uwakili, mradi zieleze waziwazi kwamba hazichukui nafasi ya ushauri wa wakili. Onyo ambalo leo msomaji hulikuta katika miongozo mingi ya sheria, na pengine kuliruka, lina historia hiyo nyuma yake.

3.0 Mwandishi, Mwagizaji na Mwajiri

Kwa waandishi, haja ya miongozo iliongezeka baada ya Sheria ya Hakimiliki ya 1976, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1978. Chini ya sheria iliyotangulia, ya 1909, mahakama zilielekea kumhesabu aliyeagiza na kulipia kazi kuwa mwenye hakimiliki. Sheria mpya iliweka kwamba haki huanza kwa mtunzi. Kazi iliyoagizwa kwa mtu aliyejiajiri huwa mali ya mwagizaji tangu mwanzo pale tu inapoangukia katika mafungu machache yaliyotajwa, na pande zote mbili zimetia saini maandishi yanayosema hivyo.

Kipimo cha maneno hayo kilikuja mwaka 1989. Mchongaji James Earl Reid alikuwa ametengeneza sanamu ya familia isiyo na makazi kwa agizo la shirika la kutetea watu wa aina hiyo mjini Washington. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba hakuwa mwajiriwa: alitumia zana zake, katika karakana yake, kwa muda mfupi, na shirika halikumkata kodi za ajira. Mwaka 2001, katika shauri la Jonathan Tasini dhidi ya gazeti la New York Times, mahakama hiyohiyo iliamua kwamba wachapishaji hawakuwa na haki ya kuingiza makala za waandishi wa kujitegemea katika hifadhidata za kielektroniki bila idhini yao. Wachapishaji wengi walijihami, baadhi hata kabla ya hukumu, kwa mikataba iliyodai haki zote. Ushindi wa mahakamani uliweza kupotea kwa saini ya mtu asiyeujua.

Hapo ndipo mwongozo ulipopata kazi yake halisi. Haukumfanya mwandishi kuwa wakili. Ulimwonyesha kifungu cha kuuliza kabla ya kutia saini. Ulihitaji pia kuandikwa upya mara kwa mara. Sheria ya jiji la New York, iliyoanza kutumika mwaka 2017, ilitaka mkataba wa maandishi kwa kazi za kujitegemea zenye thamani ya dola 800 au zaidi. Sheria ya California iliyoanza Januari 2020 iliwawekea waandishi wa kujitegemea ukomo wa makala 35 kwa mwaka kwa mchapishaji mmoja. Ukomo huo ukaondolewa Septemba mwaka huohuo. Mwongozo uliochapishwa katikati ya miezi hiyo ulichakaa kabla ya kufika dukani.

4.0 Funzo kwa Kanda Yetu

Mwaka 2021 Tanzania ilibadilisha sheria zake ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya utoaji haki mahakamani. Hatua hiyo ni kubwa, na imeamsha matumaini kwamba kizuizi cha lugha kikiondoka, mwananchi ataifikia sheria. Historia iliyosimuliwa hapo juu inatutahadharisha. Wasomaji wa Dacey na wa Nolo walikuwa wakizungumza Kiingereza, lugha ileile ya sheria zao, na bado walihitaji kuelezwa.

Tahadhari ya pili ni nzito zaidi. Miongozo ya Kimarekani inapatikana kwa urahisi mtandaoni, na kishawishi cha kuitafsiri ni kikubwa. Lakini Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 iliweka kwamba hakimiliki ya kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa imehamia kwa mwagizaji, isipokuwa pande mbili zikubaliane vinginevyo. Sheria ya Uganda ya 2006 nayo ilimpa mwagizaji hakimiliki hiyo pasipokuwa na mkataba unaosema tofauti. Maana yake ni kwamba mkataba usiosema chochote humlinda mwandishi huko Marekani, ilhali humnyang'anya Nairobi na Kampala. Mwandishi wa Uganda aliyesoma tafsiri sanifu ya mwongozo wa kigeni angenyamaza pale alipopaswa kusema. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, sheria ya 1986 imeandikwa kwa Kifaransa na inafuata mapokeo ya kisheria yaliyotoka Ubelgiji. Huko hata dhana za msingi zinahitaji kuelezwa kivyake.

5.0 Hitimisho

Kiswahili kinatupa istilahi za pamoja: hakimiliki, mrabaha, mwagizaji, mkataba. Hakitupi sheria ya pamoja. Kwa hiyo makala yanapendekeza mambo matatu. Miongozo itungwe nchi kwa nchi, kwa istilahi zilizosanifiwa kikanda. Kila mwongozo uoneshe tarehe ya sheria unayoieleza, na taasisi inayoutoa ipewe wajibu na fedha za kuuhuisha. Mwisho, sheria zinazosimamia uwakili zitamke wazi kwamba kueleza sheria kwa umma si kosa, ili walimu, wahariri na vyama vya waandishi wafanye kazi hiyo bila hofu. Gharama ya hayo ni ndogo ikilinganishwa na ile anayolipa leo mwandishi anayetia saini asichokielewa.